Kitambaa Kisichoshonwa

8 Machi

Kwako Spana, mwanangu,

Leo imenyesha mvua ya kwanza. Rafiki yako Dereva, yule binti, amekuja na lile gari lake dogo la kubebea vifurushi, injini imefunikwa turubai na kufungwa kamba kama mtu mwenye jino bovu. Alisimama mlangoni akipangusa viatu muda mrefu kuliko tope lililokuwepo.

"Baba, sikuja kudai boneti," alisema. "Nimekuja kuwasalimu tu."

"Umeshasalimu," mama yako akamjibu kutoka jikoni. "Sasa kaa unywe chai, usisimame hapo kama askari."

Tulikunywa. Hakuna aliyekitaja chumba cha uani, na sote tulikuwa tukikitazama kupitia dirishani. Tangu ugonjwa ule wa siku chache ukuchukue, mama yako amekifunga, na ufunguo unalala chini ya mto wake. Humo ndani imo kalibu yako, lile umbo kubwa kama mlango uliloliumba juu ya boneti ya Dereva, ili baadaye ulaze kitambaa cha kaboni ndani yake na kutoa boneti mpya. Boneti ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, ikasambaratika ulipoibandua. Kwa hiyo gari halina boneti, na kalibu hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako.

Dereva alipoondoka nilisema, "Aliitengeneza ili itumike."

Mama yako alikuwa anaosha vikombe. "Yule fundi wa matangi alisema nini msibani? Kitambaa kikiganda kwenye kalibu, vyote viwili ni vya kutupa. Ukiiharibu, utamleta nani aitengeneze tena?"

Wa kumjibu ni wewe. Ndiyo maana nakuandikia. Humu ndani jina lako tunalipitia kwa mbali, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

11 Machi

Mvua. Nimeshona mashati mawili ya mlinzi wa benki. Mikono yake ni mirefu ajabu. Nimepima tena na tena, ndivyo alivyo.

16 Machi

Paa la chumba chako limeanza kuvuja. Mama yako akanipa ufunguo bila kuniangalia. "Ziba, kisha utoke."

Nimeziba, ila sikutoka upesi. Kwenye rafu ya juu nilikuta robota la kitambaa cheusi, nikaliteremsha. Spana, nimeshika vitambaa tangu sijaota ndevu. Nimeshika hariri, turubai, sufu, nailoni inayong'ang'ania vidole. Hiki sikuwahi. Nilikipeleka mlangoni penye mwanga, na weusi ukageuka: upande mmoja fedha, upande mwingine usiku, na nikikiinamisha vinabadilishana. Nikaangalia ufumaji wake, nikacheka peke yangu. Ni mshazari uleule wa jinzi! Mtu fulani mahali fulani amechukua mkaa, akaufuma kama suruali.

Nilichomoa uzi mmoja, nikauzungusha kidoleni na kuuvuta. Kidole kilikuwa chekundu, kikawa cheupe, uzi haukatiki. Nikaukunja tu kwa ukucha, ukakatika kama tambi mbichi. Kitu hodari namna ile, na dhaifu namna ile. Nilikaa nacho magotini mpaka nikasikia mama yako akikohoa uani, kile kikohozi chake cha kuuliza.

"Mama," nikamwambia, "hiki ni kitambaa. Mimi ni fundi wa vitambaa. Nitajifunza."

Alikitazama kitambaa kile. Kisha: "Jifunzie vitu vingine. Kalibu usiiguse mpaka mimi niseme."

21 Machi

Nimekwenda kwa Matangi, yule aliyekuwa akikuuzia rezini. Uwanja wake umejaa matangi ya maji, mengine yamelala kwa ubavu kama ng'ombe waliopumzika. Nilimweleza. Akaitazama miwani yangu, akautazama mkanda wangu wa kupimia uliokuwa bado shingoni.

"Mzee, hii kazi ina harufu, inawasha, na haina huruma. Cherehani ukikosea unafumua. Hapa hakuna kufumua."

"Nifundishe hapo pasipo na kufumua."

Alicheka, akavuta viti viwili. Kwa maneno yake: rezini ni maji mazito kama asali. Ukiichanganya na dawa yake, inaanza safari ya kuwa jiwe na hairudi. Pima kwa mizani, usipime kwa macho. Kabla ya yote paka kalibu nta, uisugue, upake tena, ili kitu kisigande. Unalaza kitambaa, unakilowesha kwa brashi, unafunika kwa nailoni na kufyonza hewa yote, ili hewa ya nje ikandamize kitambaa pande zote kwa pamoja.

"Hewa ikandamize?" nikauliza. "Hewa hii?"

"Hiyohiyo unayovuta. Imetukalia sote tangu tuzaliwe. Hatuisikii kwa sababu na sisi tumejaa hewa ndani."

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kuna mkubwa nyuma yake.

24 Machi

Jaribio la kwanza: mfuniko wa sufuria kubwa ndio uwe kalibu. Nilikata kitambaa kwa mkasi wangu mzuri, ule ambao hata wewe ukiwa mdogo hukuruhusiwa kukatia karatasi. Umekuwa butu papo hapo. Haidhuru.

Nta ilikuwa imeniishia, nikaona mafuta ya kupikia yatatosha. Si ndiyo yanayozuia chapati isigande? Asubuhi mfuniko na kaboni walikuwa wameshaoana. Nilipiga, nikachokoa, nikaloweka. Mama yako akaja, akauchukua, akaugonga ukutani mara moja, akafunika nao sufuria.

"Sawa," akasema. "Sasa tuna mfuniko wa gari."

Halafu akacheka, Spana. Akashika mlango akicheka, kisha akaingia chumbani na kufunga. Sikumfuata. Lakini alicheka.

29 Machi

Nilichanganya rezini nyingi na dawa yake ndani ya kikombe kirefu, nikaenda kumpokea mteja. Niliporudi kikombe kilikuwa kinafuka moshi mezani, kimeyeyuka upande mmoja, na hapakuwa na moto popote, rezini imejichemsha yenyewe. Nilikitoa nje kwa koleo. Kilikaa kwenye mvua kikitoa mvuke, matone yakichemka juu yake. Tuliinama tukakitazama, mimi na mteja, kama watu waliookota kinyama wasichokijua.

"Fundi, hii suruali yangu haipitii hapa, sivyo?" akauliza.

3 Aprili

Mvua. Dereva amepita. Turubai limechanika.

10 Aprili

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe naipenda, kwa hiyo nitaiandika yote.

Nilikuwa natengeneza ganda la kioo cha pembeni cha gari. Kitambaa hakikutosha kuzunguka, ikabidi niunge vipande viwili. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nilikaa dirishani, nikalinganisha mshazari kwa mshazari mpaka huwezi kusema kimoja kimeishia wapi, nikashona kwa mkono, kwa uzi mweusi wa pamba, vishono vidogo kama mbegu za ufuta. Sijawahi kushona vizuri hivyo, hata gauni la harusi ya mama yako. Nikakipaka rezini, nikafyonza hewa, kikakauka, nikakipeleka kwa Matangi nikiwa nimevaa shati la kutokea.

Alikigeuza kwenye mwanga. Midomo ilianza kumcheza.

"Mzee. Umeshona?"

"Nimeunga."

"Umeshona! Njooni muone, mzee ameshona kaboni!" Vijana wake wakaja na brashi zao. Alinionyesha. Pale penye mshono palikuwa na tuta jembamba, na kando yake mstari wa vipovu vyeupe. Pamba ilikuwa imebeba unyevu wa masika yote na kuuingiza ndani. Akakibonyeza kwa vidole viwili, kikakatika pale pale, kwenye kazi yangu nzuri kuliko zote.

Aliponiona uso, aliacha kucheka. Akawafukuza vijana. "Sikiliza, Mzee. Hapa uzi ni rezini. Kipande kikalie kipande upana wa vidole vinne, basi. Usivishike. Vyenyewe vitashikana."

Nimerudi nikifikiri. Miaka yote nimeamini kwamba kitu kisiposhonwa kitaachana.

14 Aprili

Mvua. Unyevu mwingi mno, rezini inakauka ikiwa na utando wa kunata. Nimewasha balbu kubwa chumbani toka asubuhi.

15 Aprili

Dereva alikaa nami mchana kutwa kwa sababu gari liligoma, plagi zimelowa. Nikamuuliza kwa nini hanunui boneti ya mtumba, zimejaa kule kwenye magari mabovu.

Alikuwa akikausha plagi kwa kitambaa. "Nilipewa moja bure, Baba. Shemeji alininunulia. Ipo uvunguni mwa kitanda changu."

"Sasa?"

"Sasa nikiifunga, si nitakuwa nimesema haji tena?"

Nilikuwa namwona binti huyu mkavu. Hakulia makaburini, alisimama tu akichezesha funguo za gari. Nisamehe, sikumjua. Wewe ulimjua.

23 Aprili

Limetoka! Ganda la kioo, la tatu sasa, bila mshono. Nililichokoa ukingoni kwa kijiti likasema *tak*, likaruka mkononi mwangu. Jeusi, gumu, jepesi kama ganda la yai lililopulizwa. Ndani yake mshazari umelala kimya chini ya rezini angavu, kama jinzi iliyozama kwenye maji safi.

Nilimpelekea mama yako jikoni. Aliligonga kwa ukucha, likalia kama kikombe cha udongo. Akalikanyaga. Kwa kisigino, bila kuniomba ruhusa! Halikutikisika. Akaliokota, akalipangusa kwa aproni.

"Hiki ndicho alichokuwa akinieleza kila siku wakati nakatakata vitunguu?"

"Ndicho."

"Na mimi nikimwambia, 'mm, mm'." Akalishika muda mrefu. "Haya, Fundi. Anza."

27 Aprili

Napaka kalibu nta. Napaka, nasubiri, nasugua, napaka tena. Sijawahi kugusa kitu laini hivi. Hakuna chembe, hakuna wimbi. Uliisugua kwa muda gani, mwanangu? Nilikuwa nasikia *kwaru kwaru* yako ukutani nikidhani unapoteza muda. Leo nimeinama nikauona uso wangu humo, na mawingu nyuma yangu yakitembea.

4 Mei

Nianzie asubuhi.

Dereva alikuja mapema kupima rezini kwenye mizani. Gari aliliacha uani. Mimi nililaza kitambaa. Vipande viwili katikati, kimoja kikikalia kingine vidole vinne, mshazari kwa mshazari, na mkono wangu uliwasha kwa kutaka sindano. Sikuichukua. Tulilowesha kwa brashi, tabaka la pili tukalilaza kwa upogo, nyuzi zikikatisha zile za kwanza, tukafunika, tukabandika nailoni pande zote. Kisha nikawasha pampu yako, ile uliyoitengeneza kwa kompresa ya friji bovu. Ikanguruma, nailoni ikaanza kunywea, ikakunjamana, ikashuka, ikashika kila pindo la boneti kama ngozi. Niligusa kwa kiganja. Ilikuwa ngumu. Ile hewa niliyoambiwa ilikuwa pale, imekalia kazi yetu kwa uzito wake wote, kimya.

Radi ikapiga. Umeme ukakatika.

Pampu ilikata sauti katikati ya neno. Nilikunja mpira wa hewa na kuubana kwa kibanio, nikidhani nailoni itashika yenyewe. Haikushika. Kulikuwa na filimbi nyembamba mahali fulani ukingoni, *fiii*, na tulipoitafuta kwa masikio mvua ikaizidi. Nailoni ilianza kulegea. Kwenye kona ya juu kitambaa kiliinuka kidogo kutoka kwenye kalibu, na povu likatokea chini yake, kubwa kama sarafu. Rezini ilikuwa tayari safarini. Ingekauka hivyo, imeachana na kalibu huku na kuigandia kule, na hapo ningekuwa nimeua vyote viwili, kwa mikono yangu, katika siku moja.

"Bonyeza kwa mikono!" nilimwambia Dereva. Tulibonyeza. Mikono minne, na boneti kubwa kama mlango.

Mlango ukafunguliwa. Mama yako alikuwa hajaingia chumba hicho tangu siku ile. Alisimama kizingitini, akatazama rafu zako na koti lako la kazi msumarini. Halafu akatutazama sisi tumelala juu ya nailoni kama watu wanaomzuia mgonjwa.

"Kimekosekana nini?"

"Umeme. Kitu cha kufyonza hewa."

Dereva aliinua kichwa. "Injini inafyonza," akasema.

"Nini?"

"Baba, injini ya gari inafyonza hewa! Ikiwa inanguruma taratibu inanyonya kama mtoto. Kuna kimpira kidogo nyuma yake, nikikichomoa..." Hakumaliza. Alikuwa ameshatoka.

Alilileta gari mpaka pua ikagusa ukuta chini ya dirisha, akakata kamba za turubai. Injini ikabaki wazi, mvua ikaanza kuifokea, *chsss*, *chsss*. Ikilowa ingezimika kama kila siku. Sikuweza kuachia kona yangu. Nikamsikia mama yako akikimbia, yeye mwenye goti bovu, na nilipotazama dirishani alikuwa amesimama kwenye tope bila viatu, mwavuli wetu mkubwa ameuinamisha juu ya injini, yeye mwenyewe mvua yote yake.

"Kifungeni hicho kimpira!" alipiga kelele. "Huu mwavuli unavuja na mimi sioni wapi, kifungeni upesi!"

Dereva alipitisha mpira wa injini dirishani, nikauunganisha kwa mkono mmoja, nikaachia kibanio. Injini ikashtuka, ikakohoa, ikataka kufa. Dereva akaibembeleza kwa mafuta. Ikashika.

Na nailoni ikashuka, Spana. Polepole, kwa pumzi za gari. Kila mkunjo uliolegea ukarudi mahali pake. Povu la kona likapungua, likawa punje, likatoweka, na rezini ikapita chini yake inang'aa. Sasa filimbi ya ukingoni ilikuwa inaita kwa nguvu, nikaiona, nikaibandika utepe kwa kidole gumba. Niliondoa mikono. Ikashika bila mimi.

Nimeona mambo katika umri huu, lakini hilo sikuwahi kuliona: gari likiwa wazi kifua kwenye mvua, linajivutia nguo yake lenyewe kwa pumzi zake, na mama amelishikia mwavuli.

Mama yako alikataa kupokewa mwavuli. Dereva alimsogelea wakasimama pamoja, kichwa kwa kichwa. Nilimsikia mama yako akiuliza, "Haya, na hiki kinachotikisika hapa kinaitwaje?" Dereva akamwambia. "Na hiki?" Akamwambia. Walipita injini nzima hivyo, mpaka umeme uliporudi kukiwa bado na mwanga.

5 Mei

Haiguswi leo. Mama yako ana mafua.

7 Mei

Tuliitoa nailoni. Kisha vijiti vya mbao, ukingo kwa ukingo, tukigonga kidogokidogo na kumimina maji katikati. *Tak*. *Tak*. Upande wa kushoto ukaachia, wa kulia ukaachia, wa chini ukaachia. Kona ya juu, ile ya povu, ikagoma. Tulijaribu mpaka kijiti cha tatu kikavunjika. Nilipochungulia nikaona: rezini ilikuwa imepita ukingo na kuikumbatia kalibu.

Nikaweka nyundo chini. "Tuache leo."

"Kesho itakuwa imeachia?" mama yako akauliza.

"Hapana."

"Basi sema kilichopo."

Nikamwambia. Tukiilazimisha boneti, nyuzi zitavunjika kama ule uzi kwenye ukucha. Tukiilazimisha kalibu, itapasuka, na haitatoa nyingine tena. Moja kati ya hizo mbili. Dereva alitazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ile ya uvunguni inanitosha. Kweli."

Mama yako aliizunguka kalibu yote, akipitisha kiganja chake mgongoni mwake, pale penye alama za brashi yako. Alizunguka mara moja, taratibu. Nilidhani anaiaga, kumbe alikuwa anaitafutia mahali pa kupiga.

"Mtoto akitoka salama," alisema, "nani hulilia kondo la nyuma?"

Akaiokota nyundo mwenyewe.

Ilipasuka kutoka kona mpaka katikati kwa sauti moja nene. Kisha kimya. Kisha boneti ikajiinua yenyewe, kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, na Dereva akaidaka. Aliinyanyua juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, akapiga yowe, akacheka, halafu akaketi sakafuni nayo mapajani na kulia kile kilio alichokuwa anadaiwa tangu makaburini. Mama yako akaketi naye.

15 Mei

Nimekata kingo nikiwa na barakoa, nimezisugua, nimefunga vyuma vya bawaba. Leo asubuhi tumelivalisha gari boneti yake. Iliingia mahali pake kama kitufe kwenye tundu. Dereva ameondoka na vifurushi vyake, bila turubai, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nilisimama barabarani nikitazama matone yakikimbia juu ya weusi ule. Watu waligeuka. Muuza viatu aliniuliza, "Fundi, umeing'arisha kwa kitu gani vile?" Nikafungua mdomo kujibu, ndipo nikaelewa. Sikuing'arisha. Boneti haisuguliwi usoni; inatoka na uso wa kalibu iliyoilaza. Ulaini ule wote ni ule uliousugua wewe, *kwaru kwaru*, upande wa pili wa ukuta wangu. Umetoka kwenye kalibu ukahamia huko, mzima, na sasa unapita kwenye mitaa ambayo mimi sijawahi kufika.

Vipande vya kalibu mama yako amevitoa nje mwenyewe. Chumba kiko wazi, anakifagia. Ameniuliza kama robota lililobaki linatosha kitu kingine.

Sisi hapa wazima. Huko uliko, Spana, utukumbuke.